Je, wajua kwa nini adui wa tamthilia unamjua kwenye kionjo (trela) kabla hajafanya lolote?

Saa mbili kasoro robo usiku, saluni ya kiume Mwanjelwa, jijini Mbeya. Televisheni imefungwa juu ya kioo, sauti imezimwa kwa kuwa spika ya mlangoni inapiga muziki. Kinapita kionjo cha tamthilia mpya, sekunde 30. Mama mmoja mwenye kilemba anashuka ngazi, anasimama katikati, anatazama. Hajafungua mdomo wala hajamgusa mtu. Kinyozi anainua mashine kutoka kichwani mwa mteja na kusema, "Huyu mama ndiye adui." Benchi zima linakubali. Wamejuaje?

Jibu linalosambaa sana ni kwamba kila binadamu huzaliwa na orodha ya wahusika 12 kichwani: shujaa, mtawala, mlezi, mwasi, mchawi na wenzao. Wahusika hao wa kale huitwa arketaipi. Ubongo, inasemekana, huulinganisha uso na orodha na kutoa jina. Orodha yenyewe hutajwa kuwa ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Jibu hili lina makosa mawili, na la pili ndilo zito.

Kosa la kwanza ni la historia. Jung (1875–1961) hakutoa orodha ya wahusika 12. Aliandika juu ya kivuli, mama, mtoto, mzee mwenye busara, mjanja wa ngano na sura nyingine, na hakuzifunga kwa idadi. Tena alisisitiza kwamba kinachorithiwa ni umbo tupu lisilo na picha ndani yake. Alilifananisha na mpangilio unaoamua fuwele itakua na pembe gani, ilhali fuwele yenyewe bado haipo. Orodha ya 12 inayozungushwa leo ilienezwa na kitabu cha Margaret Mark na Carol Pearson cha 2001, na kitabu hicho kinahusu kujenga chapa za biashara. Ni orodha yenye manufaa kwa muuza bidhaa. Ukiichukua kuchambua kionjo, utaishia kubandika majina tu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba arketaipi inakaa ndani ya mtu: kwenye macho yake, nyusi zake, kilemba chake. Kweli, uso husomwa haraka mno. Mwaka 2006 watafiti Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuamua kama uso usioujua ni wa kuaminika. Televisheni yetu hurusha picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo ni kama picha mbili na nusu. Lakini uamuzi huo unaishia kwenye "namwamini" au "simwamini". Haukuambii kama huyu ni adui, msaidizi wa stelingi, au mama mwenye uchungu wake. Uso uleule, kilemba kilekile, ukiwekwa kwenye kionjo kingine, benchi lilelile litasema, "Maskini, huyu mama atateseka."

Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi ni Vladimir Propp, Mrusi mchambuzi wa ngano, mwaka 1928. Alichukua ngano 100 za Kirusi akakuta majina na sura zinabadilika kila mara, ila matendo yanajirudia, na yanafuatana kwa mpangilio uleule. Alihesabu matendo 31, akayagawa katika nafasi saba: mwovu, mtoaji (anayempa shujaa kifaa cha kumsaidia), msaidizi, bintimfalme pamoja na baba yake, mtumaji (anayemtuma shujaa safarini), shujaa na shujaa bandia. Kwake, mhusika ni nafasi anayoishika katika mlolongo.

Fikiria daladala ya Uyole kwenda Kabwe. Aliyesimama mlangoni, noti zimekunjwa katikati ya vidole, ndiye konda. Hakuna abiria anayemwomba kitambulisho. Akishuka njiani na mwingine akashika mlango na noti zilezile, konda sasa ni huyo mwingine, na abiria atamdai yeye chenji. Mlango na noti vimemfanya kuwa konda. Kwenye kionjo, "mlango" ni mahali picha ilipowekwa, na "noti" ni kile kinachobadilika mara baada ya picha hiyo kupita.

Hata uso si lazima uwepo. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara vikizunguka kwenye kisanduku chenye mlango. Watazamaji 34 waliombwa waandike walichokiona. Mmoja tu ndiye aliyeandika kuhusu maumbo. Wengine waliandika habari za viumbe hai, wengi wakiona watu: pembetatu kubwa mkorofi, wadogo wawili wakimkimbia. Hili linastahili kutafakariwa kidogo, maana mstari mnyoofu na pembe tatu zimepata tabia ya mtu kwa kufukuza na kufungia mlango tu.

Sasa ongeza kazi ya mhariri. Lev Kuleshov, mtengeneza filamu, pia Mrusi, anasifiwa kwa jaribio la miaka karibu na 1920: uso mmoja usio na hisia wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watu waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso uleule. Uso huo ni kama ugali: ladha inatoka kwenye mboga iliyo pembeni. Ila habari hii ichukuliwe kwa tahadhari. Filamu yenyewe haikubaki, na waliolirudia jaribio mwaka 1992 hawakupata matokeo yaliyosimuliwa. Utafiti wa 2006 wa Dean Mobbs na wenzake uliona muktadha ukibadilisha namna watu wanavyousoma uso. Nguvu ipo, lakini pengine ni ndogo kuliko inavyosifiwa, na hufanya kazi vizuri zaidi pale uso unapokuwa mtulivu.

Tuchukue kionjo cha kubuni. Binti wa Makete ameolewa kwenye familia yenye shamba la chai Tukuyu. Sekunde 0 hadi 3: chai na ukungu. Sekunde 3 hadi 6: bibi harusi anashuka garini na begi moja, wifi analipokea. Sekunde 6 hadi 8: mama mkwe ngazini. Sekunde 8 hadi 9: uso wa bibi harusi, tabasamu linakatika. Hiyo sekunde moja ya mwisho ndiyo iliyomfanya mama awe adui. Iondoe, weka kitanda cha mzee anayekohoa, na mama yuleyule pale ngazini anakuwa mke anayemuuguza mumewe. Picha yake haijaguswa.

Kuyaona haya mwenyewe kunahitaji simu, karatasi na kionjo kisichozidi dakika moja. Ukirekodi kutoka kwenye televisheni, mistari inayotembea kwenye skrini hutokana na kasi ya kamera kutolingana na ya televisheni. Kama simu inaruhusu, weka picha 25 au 50 kwa sekunde. Chora safu tatu: namba ya shoti (kipande kimoja cha picha kabla haijakatwa) na sekunde yake, nani anaonekana, nini kinabadilika baada ya hapo. Cheza kwa kasi ya robo, sauti imezimwa. Kionjo cha sekunde 30 chenye shoti za sekunde moja na nusu kitakupa mistari kama 20. Sauti ije mzunguko wa mwisho, hasa kwa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa Kiswahili: sauti iliyomsemea katili wa tamthilia iliyopita hubeba ukatili wake hadi kwa mtu mpya.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni safu ya pili. Mtu anaandika "mama katili." Hapo tayari ameshahukumu, na safu ya tatu itafuata hukumu hiyo. Andika "mama, kilemba, anatazama chini." Vivumishi vyote vibaki nje hadi karatasi ijae.

Karatasi ikijaa, mama mkwe ndiye wa kwanza kukushangaza. Wengi humpa nafasi ya mwovu. Lakini kwa Propp, mwovu hudhuru au hunyang'anya, na anayempa shujaa kazi ngumu kisha kusubiri matokeo ni bintimfalme na baba yake. Kwa hiyo tazama kinachofuata macho ya mama. Barua inachomwa? Mtoto anachukuliwa? Huyo ni mwovu. Bibi harusi anawasha kuni mbichi, anapakua chakula mbele ya wageni kumi? Huyo ni mtoa mtihani, na wa aina hiyo ndiye anayeweza, sehemu ya 80 huko, kumshika bibi harusi mkono mbele ya ukoo bila mtazamaji kuhisi amedanganywa. Propp alichambua ngano za Kirusi tu, na mama mkwe wa televisheni anaweza kushika nafasi mbili kwa pamoja. Yeye mwenyewe alikubali kwamba mtu mmoja hushika nafasi zaidi ya moja.

Mgumu kumwona ni shujaa bandia, yule anayedai sifa ya kazi aliyoifanya mwingine. Akipewa shoti yake peke yake, siri imekwisha, hivyo mhariri humweka ndani ya shoti za wengine. Kwenye karatasi atatokea safu ya pili mara tatu au nne, na kila mara safu ya tatu haimhusu. Rudi kwenye kionjo cha Tukuyu. Sekunde ya 5 wifi alipokea begi. Sekunde ya 24, mama anasifia chakula, na nyuma ya bega lake wifi anatabasamu, begi bado analo mkononi.