Samahani ya mdomoni

Mtoto alihamia kwetu muhula wa pili, akitoka bara, upande wa Mpeketoni. Gredi ya 4, mrefu kuliko wenzake, mkimya. Siku ya tatu mwalimu alimuuliza hupita wapi akija shuleni. Akajibu, "Napita njia ya nyuma ya soko." Darasa zima likaangua kicheko, maana hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mtoto husema ndia. Wakati wa uji alikuwa ameshabandikwa jina: Njia. Kufikia Ijumaa hakukuwa na mwanafunzi aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya msingi hapa mjini, na kabla ya kupewa kazi hiyo nilisomesha Kiswahili kwa miaka mingi. Swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili: mwanangu nitamleaje awe na huruma? Nitalijibu kwa kisa cha mtoto huyu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila nilichojifunza katika kazi hii, na mna kosa langu pia.

Nilipopata habari ya lile jina, niliwaita vinara wanne, nikawasimamisha mbele ya gwaride la Jumatatu, nikawaamuru waombe msamaha. Wakaitikia kwa pamoja kama wanaosoma shairi: "Samahani." Nikaridhika. Jioni ileile walimfuata nyuma kwenye vichochoro vya Langoni, wakimwimbia: "Njia, samahani! Njia, samahani!" Ile samahani yangu waliigeuza kuwa jiwe la pili la kumrushia. Mama yake alikuja asubuhi yake, amemshika mkono, hakugomba wala hakulia. Aliniuliza tu kama kuna shule nyingine karibu.

Tangu siku hiyo sijamlazimisha mtoto aseme samahani. Na sababu yake nataka niieleze vizuri, maana wengi hudhani nimelegea.

Martin Hoffman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miongo kadhaa jinsi huruma inavyokua ndani ya mtoto, aliyaweka marudi ya wazazi, yaani namna wanavyomtia mtoto adabu, katika mafungu matatu. La kwanza ni la nguvu: bakora, vitisho, kunyang'anywa vitu. La pili ni kumnyima mtoto upendo: kumnunia, kumwambia usinisemeshe leo. La tatu ni kumkalisha na kumwonyesha alichomfanyia mwenzake, kwamba yule analia kwa sababu ya ulivyomsukuma, kwamba hataki kuja shule kwa sababu ya jina ulilompa. Watoto wanaorudiwa zaidi kwa njia hii ya tatu ndio huonekana kuwajali wengine zaidi. Ukifikiri utaona kwa nini. Mtoto anayesubiri fimbo anajifikiria yeye: itaniuma kiasi gani, nitakwepaje, nani amenisema. Anayenuniwa anajifikiria yeye vilevile. Yule aliyeumizwa ametoka kabisa katika hesabu. Na ndivyo nilivyofanya mimi pale gwarideni: nilifanya wale wanne waone aibu yao wenyewe, wasiuone uso wa mwenzao.

Kuhusu bakora sitasema mengi. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaikataza shuleni waziwazi. Hata hivyo bado napata mzazi anayeniletea mwanawe na kuniambia, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Humjibu kwa heshima kwamba nyama siitaki, namtaka mtoto mzima.

Sasa hufanya hivi. Humwita mtoto peke yake, mbali na wenzake, tukakaa mkekani, mimi na yeye kimo kimoja. Humuuliza nini kilitokea. Kisha humuuliza: unadhani mwenzio alipofika nyumbani alikuwaje? Mwisho humuuliza atatengeneza nini. Jibu la kwanza karibu siku zote ni "sijui," na hapo mwalimu mwenye haraka huharibu kila kitu kwa kumjibia. Mimi hunyamaza. Nimewahi kunyamaza mpaka kengele ikalia, nikamwambia tutaendelea kesho.

Umri nao una neno lake. Mtoto wa Gredi ya 1 ukimuuliza mwenzake alihisi nini atakwambia "vibaya," na huwezi kumdai zaidi ya hapo. Huyo mwonyeshe: tazama macho yake, tazama anavyoshika mkoba wake. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kwenda mbali zaidi, akaelewa kwamba mtu ana maisha nje ya dakika hii unayomwona, kwamba huyu mgeni ameacha nyumba, ameacha marafiki, na labda usiku halali. Kumhutubia mtoto wa miaka sita juu ya taabu za uhamiaji ni kupoteza pumzi. Kutomwambia wa miaka kumi na moja ni kumpunja.

Wale wanne, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia neno moja: "Tulikuwa tunamtania tu." Nilifurahi kulisikia, kwa sababu utani tunaujua. Niliwauliza: babu akimwita mjukuu wake mke wangu, mjukuu humjibu nini? Wakacheka, kila mmoja akanipa jibu la kwao, mwengine la ukali hasa. Nikauliza: na babu hukasirika? Hapana. Basi, je, huyu mwenzenu mlipomwita Njia aliwajibu nini? Kimya. Utani una pande mbili, anayetania hutaniwa, na wote wawili hucheka. Hili sikulitoa katika kitabu cha saikolojia, wala watoto hawakuhitaji nilieleze mara ya pili.

Lakini jambo lililoniumiza nililipata kwa msichana ambaye hakuwa miongoni mwa wale wanne. Nilimuuliza kwa nini neno njia lilimchekesha, na njia ndilo lililo kitabuni. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, sisi tukiandika ndia kwenye insha unaweka wino mwekundu, halafu unatusomea wote tukacheka."

Ni kweli. Nilikuwa nikifanya hivyo. Mimi, mzaliwa wa hapa, ambaye nyumbani kwangu hadi leo nasema ndaa na mato na moya. Kwa miaka nimewafundisha watoto wa watu kwamba namna mtu anavyotamka ni kitu cha kuchekwa darasani, kisha nikashangaa walipompata mtu wa kumfanyia. Tuna orodha ya maadili ya Mtaala wa Umilisi ukutani, upendo, uwajibikaji, heshima, umoja na mengine, imeandikwa kwa herufi kubwa za rangi. Watoto hawakuisoma hiyo. Walinisoma mimi.

Tulitengeneza pamoja. Nilisimama mbele ya darasa nikasema nilikosea, na kosa lenyewe ni lipi. Kisha tukachukua karatasi kubwa ya manila, upande mmoja maneno ya Kiamu, upande wa pili ya Kiswahili sanifu: ndia na njia, ndoo na njoo, mato na macho, ndaa na njaa. Yule mgeni akawa ndiye tunayemuuliza upande wa pili, kwa kuwa sanifu ilimjia kirahisi kuliko wote, nao wakamfundisha wa kwanza. Wale wanne walichagua wenyewe watakachokitengeneza: mmoja alimpa nafasi katika timu yake ya mpira wa mapumziko, wawili walijitolea kutembea naye mpaka kwao jioni, kwa njia ileile waliyomfuata wakiimba. Wa nne hakutaka chochote kwa wiki mbili. Sikumsukuma. Alipokuja, alikuja na mabuyu, akampa bila kusema neno.

Tumewazungumza wanne. Je, wale wengine thelathini na kitu waliokuwa wakitazama? Mimi naona hapo ndipo penye kazi kubwa zaidi. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, walirekodi kwa kamera yanayotokea katika viwanja vya shule za Toronto, wakayachapisha mwaka 2001. Watoto wengine walikuwepo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu. Waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Ila walipoingilia, zaidi ya nusu ya nyakati hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Mwalimu wa zamu hata hajamaliza kuvuka uwanja.

Kwa hiyo tunawafundisha watazamaji, tena kwa kuigiza, maana mtoto asiyewahi kulitamka neno hatalipata siku ya shida. Si lazima umkabili mkorofi, hasa akiwa mkubwa kwako. Mwendee anayeonewa, mshike mkono, umwambie, "Twende tukacheze." Neno hilo moja limefanya kazi kuliko mabango yote tuliyowahi kubandika. Na tunawatenganishia mambo mawili ambayo watoto wetu huyachanganya kwa kuogopa kuitwa wachongezi: kuchongea ni kusema ili mwenzio apate taabu, na kuomba msaada ni kusema ili mwenzio atolewe katika taabu.

Nije kwenye punda. Mji huu unabebwa na punda: mchanga, mawe, simiti, maji, vyote hupita vichochoroni mgongoni mwao. Watoto wetu wanakua wakiona punda akipigwa, na wengine hupiga wenyewe kwa mchezo. Nimekuja kuamini kwamba ukali huo hauishii kwa mnyama. Hapa Lamu kuna zahanati ya punda tangu 1987, ya shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, hata watoto wanaijua. Lakini mwalimu wangu katika somo hili alikuwa mwanafunzi wa Gredi ya 5, mtoto wa mwenye punda, ambaye jina lake lilikuwa katika daftari la zamu karibu kila wiki kwa kupigana. Siku moja nilimkuta nje ya lango akimkuna sikio punda wa kwao taratibu, akimsemesha. Nikamuuliza anafanya nini. Akanionyesha donda chini ya shogi, lile gunia la mizigo la mgongoni, akanieleza kwamba gunia chafu lisilokaa sawa ndilo linalochuna ngozi, na kwamba mzigo ukiegemea upande mmoja donda halifungi.

Nilimwomba awaeleze Gredi ya 2. Alisimama mbele ya wale wadogo, akawaonyesha namna ya kumkaribia punda kutoka ubavuni, si kutoka nyuma, na namna ya kutazama masikio ujue kama ana hofu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Je, aliacha kupigana? Hapana, hakuacha. Alipungua. Lakini wale wa Gredi ya 2 walianza kumkimbilia wakimwita kaka, na nilimwona zaidi ya mara moja akimwacha mpinzani wake katikati ya ugomvi kwa sababu mmoja wao anamtazama.

Hatukumpa zawadi. Tulikuwa na mtindo wa "mtoto mwema wa wiki," tukauacha. Warneken na Tomasello, wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa kitu kila waliposaidia walikuja kusaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Kwetu niliona watoto wakiokota takataka mbele ya mwalimu na kuzipita akigeuka.

Bado kuna sisi wakubwa. Mtoto husikia tunavyomsemesha mama anayepika uji, na bawabu, na mzazi asiyejua kusoma anapoletewa karatasi ya kutia sahihi. Husikia pia barazani. Ninyi mnaokaa barazani baada ya Alasiri mkisema "watu wa bara" hivi na vile, au watu wa visiwani hivi na vile, watoto wamekaa chini yenu wakicheza mdako, na kesho yake yale maneno huyapokea mimi shuleni yakiwa yametoka katika kinywa cha mtoto wa miaka minane. Nimezungumza na maalim wa chuo cha Kurani wanakosoma wengi wa wanafunzi wetu jioni, na tumekubaliana kumuuliza mtoto maswali yaleyale matatu, kwake na kwetu, ili asikute sheria mbili katika mtaa mmoja. Yeye aliongeza jambo ambalo sikuwa nalo: humtaka mtoto amwombee dua yule aliyemkosea, kwa kumtaja jina lake halisi.

Kwa mzazi wa yule aliyetukana au aliyepiga, nina ombi. Nikikuita, usije umeshamchapa njiani, maana atafika akiwa anajihurumia yeye, na kazi yangu itakuwa imeharibika kabla haijaanza. Usije pia na wakili wa mdomo kuniambia wako hawezi kufanya hivyo. Njoo naye mkikaa kimya. Na ukipata nafasi usiku ule, akiwa ameshakula, mwambie siku moja ulipomuumiza mtu na ulichokifanya baadaye, na kama hukufanya kitu, mwambie pia.

Yule mtoto wa Mpeketoni yuko Gredi ya 6 sasa. Mama yake hakumhamisha. Juzi nilimsikia uwanjani akimwita mtoto mgeni wa PP2, darasa la awali, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na kisima: "Ndoo hapa, twende tukacheze."