Mwembamba, na bado ana kisukari

Nikifundisha jinsi kisukari cha aina ya pili kinavyorithiwa, huanza na herufi moja tu ya DNA. Iko ndani ya jeni iitwayo PAX4, mojawapo ya jeni zinazosimamia uundwaji wa seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini. Herufi hiyo ikibadilika, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 192 kwenye protini inageuka kutoka arginini kuwa histidini. Asia ya Mashariki, takriban nakala 1 ya jeni hiyo katika kila 10 ina badiliko hilo (kila mtu ana nakala mbili), na aliyelirithi yuko kwenye hatari zaidi. Ulaya karibu halipo kabisa.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza jeni nyingine ya kisukari hiki, TCF7L2. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, toleo lake la hatari limo katika nakala kama 30 kwa kila 100. Kwa Wachina ni kama 3. Makali yake yapo palepale kwa aliye nalo, ila walio nalo ni wachache. Jeni ya tatu, KCNQ1, nayo iligunduliwa na timu mbili za Japani mwaka 2008, kisha ikathibitishwa kwa Wachina. Kwa watu wa Ulaya jeni hiyo ilijificha kwa sababu toleo la hatari limeenea mno kule: mgonjwa analo, mzima analo, utawatenganishaje?

Ndiyo maana napinga kabisa kumpigia Mchina hesabu ya hatari kwa jedwali lililotokana na damu za Wazungu. Ni kumshonea mtu shati kwa vipimo vya jirani yake. Utafiti wa mwaka 2020 uliokusanya watu 433,540 wa Asia ya Mashariki, wagonjwa 77,418 wakiwemo, uliibua maeneo 61 ya jeni ambayo hayakuwa yamejulikana.

Lakini jeni hazibadiliki ndani ya miaka 30. Mwaka 1980, Uchina ilikuwa na wagonjwa chini ya 1 katika kila watu wazima 100. Mwaka 2010 walifika 11.6. (Vigezo vya kupima navyo vilibadilika, hivyo tarakimu hizo hazilingani sawasawa.) Watu walihamia mijini, wakala zaidi, wakatembea kidogo, wakaishi muda mrefu. Hata waliokuwa tumboni mwa mama wakati wa njaa kuu ya 1959 hadi 1961 walionekana ukubwani kuwa na sukari ya juu zaidi, hasa waliokuja kula vyakula vya kitajiri.

Mjini Daqing, Uchina, kuanzia 1986, watu 577 ambao sukari yao ilishaanza kupanda waligawanywa kufuata kliniki 33 za mji huo. Baadhi walisimamiwa mlo, mazoezi au vyote viwili kwa miaka 6. Miaka 30 baadaye, waliosimamiwa walikuwa wamecheleweshewa kisukari kwa karibu miaka 4, na magonjwa ya moyo na kiharusi yalikuwa machache kwao.

Mchina na Mzungu wakilingana BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu), mara nyingi Mchina ana mafuta mengi zaidi ndani ya tumbo, na akiba yake ya insulini ni ndogo. Uchina huanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 24, si 25. Basi akija kwangu Mchina mwembamba ambaye mama yake ana kisukari, simrudishi nyumbani kwa kuwa mizani imesema yuko sawa. Namzungushia futi kiunoni, kisha nampima sukari siku hiyohiyo.