Michoro ya Mabehewa ya Mizigo: Ileteni Ilivyo, Msiilamineti

Tangu tulipotoa wito kwa familia za wafanyakazi wa zamani wa reli kuleta michoro ya mabehewa iliyobaki majumbani, tumepokea mabunda kutoka Tororo, Jinja na Kasese, na tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, mengi huja yakiwa yamelaminetiwa au kuungwa kwa selotepu. Tunajua nia ilikuwa njema, lakini plastiki haihifadhi mchoro: gundi huingia ndani ya karatasi, na anayejaribu kuiondoa huondoa wino pamoja nayo.

Nakala za buluu zenye mistari myeupe hufifia mwangani, na zikiwekwa gizani rangi hurudi kwa sehemu tu. Tunao mchoro wa behewa la wazi uliotundikwa ukutani kwa miaka mingi. Buluu imebaki nzito pale tu fremu ilipoufunika, na vipimo vya mlango havisomeki tena. Nakala hizi zisiwekwe katika bahasha zilizotiwa chokaa ya kupunguza asidi, ingawa kwa nyaraka nyingine bahasha hizo ndizo bora. Michoro mingine iko kwenye kitambaa cha kuchorea, nacho kimekazwa kwa wanga, hivyo tone moja la maji huacha doa, na wanga huohuo huvuta mende.

Wapo wanaodai kwamba michoro haina kazi kwa kuwa mabehewa yenyewe yaliuzwa kama vyuma chakavu. Dai hili tumelijibu mara nyingi mno: behewa likishakatwa, mchoro ndio ushahidi uliobaki wa namna chesisi (fremu ya chini), bogi (kiunzi kinachobeba magurudumu) na breki zake zilivyoungana. Michoro mingi ina jina la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948, ambalo mabehewa yake yalitembea Uganda, Kenya na Tanganyika bila kubagua mpaka, kwa hiyo mchoro uliohifadhiwa Kampala unaweza kueleza behewa lililosimama Nairobi.

Anayetaka kuitumia asipime kwa rula, kwa sababu karatasi hunywea na kutanuka. Asome tarakimu zilizoandikwa, ambazo kwa kawaida ni za futi na inchi, hata kwa reli yetu yenye upana wa milimita 1,000 kati ya pau zake mbili. Asome pia jedwali la marekebisho kwenye pembe ya mchoro, kwani karakana ilibadilisha mengi baada ya mchoro wa kwanza.

Mleta mchoro atajaza fomu mbili, moja ya makabidhiano na moja ya historia ya mchoro, kila moja katika nakala tatu. Atasaini mbele ya mtunza nyaraka na kubaki na nakala moja yenye muhuri. Msomaji ataonyesha kitambulisho, ataacha kalamu ya wino mlangoni na kutumia penseli. Ieleweke kwamba mchoro uliotoka karakana ya shirika la umma ni mali ya umma, hata kama ulikaa kabatini kwa babu. Sheria ya Uganda ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001 inalinda nyaraka za umma, na anayeuza au kuchoma michoro hiyo anaweza kufikishwa mahakamani. Anayeirejesha kwa hiari hataulizwa ilimfikiaje. Iviringishwe kwenye bomba pana, isikunjwe, na kama imeshalaminetiwa, iletwe hivyohivyo bila kubanduliwa.