Umri wako 49, FSH ya nini?

Juzi tena. Mama wa miaka 49 kaingia maabara kwetu Chake Chake, hajakaa vizuri keshanyoosha mkono: "Mwanangu, nipime homoni, nijue kama nimekatika hedhi." Anataka FSH, homoni ambayo ubongo unaituma kuiamsha ovari, mfuko wa mayai. Hakutumwa na daktari. Katumwa na shoga yake, aliyepimwa Unguja akarudi na karatasi. Mimi ndiye ninayekaa na mashine, na kila kipimo ni riziki yangu. Hata hivyo nauliza: ya nini?

Kukoma hedhi ni miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na pasiwe na mimba wala dawa inayoizuia. Ukishavuka 45, hedhi zinaruka na joto linakupanda kifuani mpaka usoni, ushajulikana uko wapi. Uingereza mwongozo wao unasema hivyo tangu 2015: aliyevuka 45 asipimwe FSH kwa jambo hili. Hilo joto lenyewe lina tiba, na daktari hatibu namba.

Kinachoniudhi hasa ni ile karatasi. Ina safu za viwango: nusu ya kwanza ya mwezi, yai linapotoka, nusu ya pili, na chini kabisa "baada ya kukoma hedhi". Mtu anachukua namba yake, anatafuta safu inayomkaa, anajitia humo. Safu hizo zilipatikana kwa kupima wanawake ambao hali zao zilikwisha kujulikana. Wewe wa 49 uko njiani, huna safu. Ovari ikizembea, ubongo unapandisha FSH kuiamsha. Mwezi unaofuata ovari inaamka, estradioli, homoni ya ovari yenyewe, inapanda, pengine kuliko ya msichana, na FSH inashuka. Leo 41, baada ya wiki tano 8. Mvuvi gani aliyeyakuta maji mafu siku moja akasema Wete hakuna bamvua?

Mmoja wa miaka 46 alipata hiyo 41, akaambiwa "umeshamaliza", akaacha kinga. Miezi michache baadaye nikampima mkojo mwenyewe: mistari miwili. Mwengine alipata 8, akaambiwa hana kitu, naye usiku anabadilisha kanga mbili kwa jasho.

Aliye chini ya 40 na hedhi imempotea, huyo apime, tena mara nyingi hurudiwa baada ya wiki 4 mpaka 6. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaishusha FSH, kwa hiyo anayevimeza asinipe damu yake bure. Kati ya 40 na 45 mimi mwenyewe nayumba. Aliyetolewa kizazi hana hedhi ya kuhesabu. Nampima, na majibu yananipa nusu ya jibu. Hata kiwango cha FSH cha kusema mtu amekatika hakijatulia: utakuta 25, utakuta 30, utakuta 40.

Kama hela inakuwasha, pima mimba, pima tezi ya shingo, na wingi wa damu ikiwa unatokwa sana. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima, kwangu usije. Nenda kwa daktari wa kina mama akutazame kizazi, usingoje, maana saratani ya kizazi huweza kujitokeza hivyo.

Yule mama nikamuuliza hedhi ya mwisho lini. Hakumbuki. Haya, Ramadhani iliyopita ulibakiwa na siku ngapi za hedhi za kulipa?

"Hata moja. Nilifunga zote."

Na ile ya kabla yake?

"Tisa. Nikazilipa Rajabu."

Baada ya Idi umeona kitu?

Akafikiri. "Mfunguo Tatu, matone ya siku mbili. Nakumbuka kwa sababu mume wangu alikuwa Makka."

Tukahesabu kwa vidole mpaka Rajabu hii: miezi saba. Imebaki mitano, nikamwambia, na hela yako irudishe mkobani.

"Na karatasi je?"

Nikachana ukurasa wa daftari, nikamwandikia tarehe.