Beta-oksidesheni: mwili unavyokata mafuta kaboni mbili mbili

Beta-oksidesheni ni kazi ya seli ya kukata asidi ya mafuta vipande vya kaboni mbili mbili ili kupata nishati. Hufanyika ndani ya mitokondria, yaani vyumba vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, hasa kwenye ini, moyo na misuli, na hushika kasi tumbo likiwa tupu.

Tuchukue vyakula vya Mtwara na Lindi. Sehemu kubwa ya mafuta ya korosho ni asidi ya oleiki, mnyororo wa kaboni 18: hukatwa mara 8, vikapatikana vipande 9. Tui la nazi ni jambo jingine. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu: mikato 5, vipande 6.

Aliyeonyesha kwamba mkato ni wa mbili mbili ni Mjerumani Franz Knoop, mwaka 1904, na jaribio lake ni la kupendeza mno. Alijua mwili hauwezi kuvunja pete ya bezeni (kaboni sita zilizoungana kwa duara), basi akaipachika mwishoni mwa asidi za mafuta kama alama, akawalisha mbwa, kisha akapima mkojo wao. Minyororo yenye kaboni witiri iliacha asidi ya benzoiki. Yenye kaboni shufwa ikaacha asidi ya fenilasetiki. Kama kaboni zingekatwa moja moja, mabaki yangekuwa ya aina moja.

Kila mzunguko una hatua nne: kuondoa haidrojeni, kuongeza maji, kuondoa haidrojeni tena, kisha kukata. Hatua ya kwanza haina kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi hiyo. Kipo cha minyororo mirefu, cha ya kati na cha mifupi. Cha kati, kiitwacho MCAD, hushughulikia kaboni 6 hadi 12, na jeni yake ni ACADM kwenye kromosomu ya 1. Mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na nyingine kwa mama, mafuta ya korosho hukatwa vizuri mwanzoni, halafu mnyororo ukishafupika kazi inakwama. Vipande vya kaboni 8 vinarundikana.

Mtoto huyo akiwa anakula vizuri, huwezi kumjua. Hatari inaanza siku ana homa, anatapika, na uji haupiti. Akiba ya glukosi kwenye ini inaisha baada ya saa chache. Hapo ini lilipaswa kugeukia mafuta na kutengeneza ketoni za kulisha ubongo, haliwezi. Viungo vyote vinagombea sukari ileile, nayo inashuka. Mtoto analegea, anapata usingizi usioamshika, kisha degedege.

Malaria nayo hushusha sukari, kwa hiyo ni rahisi lawama yote kuangukia hapo. Alama ya kutazama ni hii: sukari ya damu iko chini, lakini kijiti cha mkojo kinaonyesha ketoni kidogo mno au hakuna kabisa. Mtoto mwenye njaa ya kawaida huwa nazo nyingi. Jibu la uhakika hutoka kwenye tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi maalumu, ambalo maabara hulipima kutafuta oktanoili-karinitini, yaani kile kipande cha kaboni 8 kikiwa kimeshikana na kibebaji chake, karinitini.

Wengi hudhani tiba ni kumnyima mafuta. Sivyo, tiba ni kutomwacha na njaa. Akiwa mzima, mwongozo unaotumika sana ni saa 8 bila kula kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12, saa 10 mpaka miaka 2, na saa 12 baada ya hapo. Akiugua, muda huo unafupishwa sana: apewe kinywaji cha sukari kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Akikitapika, apelekwe hospitali aanzishiwe dripu ya glukosi ya asilimia 10, bila kusubiri sukari ishuke kwanza. Mafuta ya nazi na tui zito apunguziwe, kwa kuwa yamejaa minyororo ileile anayoshindwa kukata. Na swaumu ya Ramadhani, ambayo huku Kusini hupita saa 12, haimfai hata akikua.

Ndugu zake wa baba na mama mmoja wapimwe pia, hata wasiowahi kuugua: kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa na kasoro hiyohiyo.