Pedali za gitaa la stili hazikuanza 1954

Wapenzi wengi wa muziki wa kantri wa Marekani huamini kwamba pedali za gitaa la stili zilibuniwa mwaka 1954, wimbo mmoja uliovuma ulipowasikizisha noti zikipinda. Imani hiyo ina msingi, maana kabla ya hapo masikio machache yalizitambua.

Lakini magitaa yenye pedali yalikuwepo tangu karibu 1940. Gitaa hili la kulazwa, linalopigwa kwa kipande cha chuma juu ya nyuzi, asili yake ni Hawaii, na chuma kilichonyooka hubana uchaguzi wa kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Pedali ilimbadilishia mpigaji mpangilio wa sauti kwa haraka. Jambo jipya la 1954, na kwangu ndilo zuri kupita yote, lilikuwa kukanyaga pedali nyuzi zikiwa bado zinalia. Wenzo wa goti, unaosukumwa kwa goti badala ya kukanyagwa, ulienea baadaye, miaka ya 1960.

Sikiliza mwenyewe: chuma kikiteleza, sauti zote hupanda pamoja, pedali ikikanyagwa, moja hupanda na nyingine hutulia. Ukikaa karibu na mpigaji wa mpangilio wa E9, mojawapo ya namna za kulinganisha nyuzi za gitaa hili, itazame pedali iitwayo A: huvuta uzi wa 5 na wa 10 tu, kutoka noti ya B hadi C#.