Gemu ya giza si gemu isiyoonekana

Juzi mpwa wangu alikuwa sebuleni anacheza gemu. Akaongeza mwanga wa televisheni mpaka mwisho, akaguna: "Mjomba, hii gemu ina giza balaa." Nikamuuliza giza gani. "Si unaona? Usiku mtupu, mafuvu kila kona, watu wanakatwa vichwa." Palikuwa na mgeni, nikanyamaza. Lakini si yeye wa kwanza, na kunyamaza nako kuna kikomo.

Maana niitoe haraka. Katika gemu za fantasia za kuigiza mhusika, giza ni hali ya hadithi ambamo wema hauna dhamana ya kulipwa, na kila njia unayoichagua ina gharama, tena gharama hiyo inamwangukia mtu ambaye umeshaanza kumjali. Basi. Hakuna mahali maana hiyo inapotaja taa, wala mafuvu.

Kwanza tuondoe utani mmoja. Kuna waliowahi kuniambia kwamba "kuigiza" na "giza" ni ndugu, kwa sababu moja limekaa ndani ya lingine. Hapana. Igiza limetokana na iga: unamwiga mtu, kisha unaigiza mbele za watu. Giza, ambalo Waunguja hulitamka kiza, halihusiki kabisa. Ni bahati tu ya herufi, ingawa nakiri ni bahati tamu kwa mtu anayeandika kuhusu gemu hizi.

Neno linalohusika kweli ni la wageni, grimdaki. Wapenzi wa gemu wanalitumia siku hizi kama cheo cha ubora, kana kwamba kadiri gemu inavyokuwa grimdaki ndivyo ilivyotungwa kwa akili. Asili yake iko kwenye Warhammer 40,000, mchezo wa vijeshi vya kuchezea juu ya meza uliotolewa na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1987. Kaulimbiu yake ilitangaza kwamba katika giza lisilo na tabasamu la wakati ujao ulio mbali sana hakuna kingine ila vita. Mashabiki wakabana maneno mawili ya Kiingereza ya kaulimbiu hiyo, grim na darkness, yakawa moja, na walilitumia kwa nusu dhihaka, kuisema hadithi iliyozidisha ubaya mpaka inachekesha. Yaani jina ambalo leo watu wanajivunia lilianza karibu kama kejeli. Tena mchezo wenyewe ulikuwa wa vyombo vya anga na bunduki; mapanga na wachawi wa fantasia waliliazima neno baadaye.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi hasa. Wanaosema giza wanasahau neno la pili, na sisi hilo tunalo, tena zuri kuliko la wageni: uchungu. Wenzetu wa Kiingereza wanahitaji maneno mawili mazito yanayonuka benki, ya kuwekeza na ya hisia (emotional investment), kueleza kitu ambacho Kiswahili kinakimaliza kwa kubadili kiunganishi. Sikiliza tofauti. Uchungu *wa* kitu ni maumivu yake: uchungu wa jino, uchungu wa msiba. Uchungu *na* kitu ni kukiona ni chako: dereva hana uchungu na gari la watu, ndiyo maana analirusha kwenye mashimo, kiongozi fulani hana uchungu na mali ya umma. Hapo hatusemi dereva haumwi. Tunasema hajali, kwa kuwa halikumgharimu kitu. Na anayesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi ameyashika yote mawili kwa mpigo, kwa sababu mwenye uchungu na mwana ndiye anayeupata uchungu wake.

Gemu nyingi zinazojiita za giza hukurushia uchungu *wa* bila kukupa muda wa kuwa na uchungu *na*. Kijiji kimechomwa dakika ya pili. Nani alikuwa akiishi pale? Hujui. Unapita juu ya maiti ukitafuta dhahabu mifukoni mwao, na wewe si katili, ila hukujulishwa mtu.

Mfano ninaoujua vizuri ni Dragon Age: Origins ya kampuni ya BioWare, ya mwaka 2009. (Nitafichua mambo. Muda wa kuicheza ulikuwepo.) Gemu hii ina makosa na dawa yake ndani ya kasha moja. Kosa ni damu: ukimaliza pambano, wenzako wanasimama wakizungumza nawe kwa upole huku nyuso zimetapakaa damu kama waliotoka machinjioni, na mmoja anakutongoza katika hali hiyohiyo. Kuna mahali pa kuizima kwenye mipangilio. Niliizima, na gemu haikupungua giza hata chembe.

Dawa iko kwenye saa ya kwanza, ukichagua kuanza kama mtoto wa kabaila wa ngome ya Highever. Kazi yako ya mwanzo ni ya kipuuzi. Mpishi mzee analalamika kwamba mbwa wako ameingia stoo ya chakula, unakwenda kumtoa, unakuta panya wakubwa, unawaua. Kisha unaagana na kaka yako anayekwenda vitani. Mwanawe mdogo, Oren, anamwomba baba yake amletee upanga, na neno lenyewe hajui kulitamka sawasawa. Unaweza kumtania. Hakuna cha maana kinachotokea, na wachezaji wenye haraka wanabonyeza kupitisha maneno.

Usiku huo rafiki wa baba yako, Howe, anawageuka. Chumbani kwa kaka yako unamkuta Oren sakafuni na mama yake kando yake. Unapigana kutafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe iko ndani ya ile stoo ya panya. Humo ndimo baba yako amelala akivuja damu, na humo ndimo mama yako anapokataa kumwacha. Mahali ulipocheka asubuhi ndipo unapowaacha wazazi. Yule mtunzi hakuongeza hata fuvu moja. Alikutuma stoo mara mbili tu.

Gemu hiyohiyo baadaye inaogopa. Huko Redcliffe kuna mtoto aitwaye Connor, aliyefanya mapatano na pepo ili baba yake mgonjwa asife, na sasa pepo amempanda. Umuue mtoto, au mama yake ajitoe uhai ili ibada ya damu ya kumfuata pepo ifanyike. Mpaka hapo moyo unadunda. Kumbe kuna njia ya tatu: nenda kwa wachawi mnarani, omba msaada, rudi, kila mtu anapona. Na unaporudi, yule pepo amekungoja kwa adabu, hakugusa mtu. Nilifurahi kumwokoa Connor, sikatai, lakini nilijihisi kama niliyetozwa nauli kisha nikarudishiwa mlangoni.

The Witcher 3 ya mwaka 2015 haikurudisha nauli. Kuna mtawala wa Velen, mlevi aliyempiga mkewe mpaka mimba ikaharibika, na kile kichanga kilichozikwa bila jina kimegeuka zimwi. Unaweza kukiua. Au unamlazimisha baba akibebe mikononi usiku, akipe jina, akizike upya chini ya kizingiti. Anakiita Dea. Humpendi mtu yule kabla, na baada ya hapo bado humpendi, ila umeshatembea naye ule mwendo wote huku mzigo ule ukijitingisha kifuani mwake.

Na kama bado mtu anabisha kuhusu taa, amwangalie Aerith, msichana wa kikosi chako katika gemu ya Final Fantasy VII, ya mwaka 1997. Unamfundisha, unamnunulia silaha, unamtegemea kuponya wenzako, kisha anauawa akiwa amepiga magoti akiomba. Ni moja ya vifo vinavyokumbukwa kuliko vyote katika gemu, na kimetokea penye mwanga mweupe unaomiminika kutoka juu, kando ya maji safi. Yale mapigano yanayofuata unafungua orodha ya kikosi kwa mazoea, na nafasi yake haipo. Vitu ulivyomnunulia vilikuwa na bei, na wewe ndiye uliyelipa.

Mgeni alipoondoka nilimwambia mpwa wangu haya, kwa ufupi zaidi, maana alikuwa bado anapigana. Nikamwuliza yule askari anayemfuata tangu asubuhi anaitwa nani. Akasitisha gemu, akafikiri. "Sijui, Mjomba. Huwa anakufa, napewa mwingine." Basi mwanangu, nikamwambia, hiyo usiiite gemu ya giza. Sema tu haionekani vizuri, na sogeza hilo pazia, jua linapiga kwenye kioo.